Kima na Kipande cha Makaa: Uchambuzi wa Kisa cha Mchezo wa Redio

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha mchezo wa redio wa mfululizo uliotayarishwa Unguja, kuhusu askari wa misitu anayechunguza uhalifu ndani ya hifadhi ilhali mwenyewe si msafi. Mimi nilikuwa mhariri wa maandishi. Majina ya watu, kijiji, kituo cha redio na mfadhili nimeyaondoa. Jina la mhusika mkuu nimelibadili, na hapa nitamwita Haji. Mambo mengine madogo nimeyasogeza huku na kule ili asiyehusika asije kunyooshewa kidole. Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaotunga hadithi za upelelezi kwa Kiswahili, hasa wale ambao, kama sisi, huanza kazi na picha za televisheni kichwani.

Usuli

Tulikuwa watu sita: mwandishi, ambaye ni mwalimu wa skuli, waigizaji watatu, fundi sauti na mimi. Mfadhili alitaka sehemu 13 za dakika 20 kila moja, zenye ujumbe wa uhifadhi. Kituo cha redio kilitaka kitu kitakachowazuia watu wasizime redio baada ya Isha. Tuliamini mambo haya mawili yatapikika chungu kimoja. Tulikuja kujua baadaye kwamba kila mmoja alikuwa anachochea moto wake.

Tulichagua kusini mwa Unguja, kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 2004 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi. Ndani yake wamo kima punju, ambao asili yao ni Unguja tu na si kwengine duniani, na paa nunga, mnyama mdogo aliye hatarini kutoweka, ambaye ukimkosa hapa utakwenda kumtafuta kwenye misitu ya pwani ya Kenya. Chui wa Unguja hayupo tena, au yupo, inategemea umekaa baraza gani.

Msikilizaji wetu si mgeni wa hadithi za upelelezi. Wengi tumekua na Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, mtulivu, anayeona wasichoona wenzake. Sisi tulitaka kinyume chake: mpelelezi anayeona, halafu akajifanya hajaona. Lakini siku ya kwanza hatukujua kuwa hicho ndicho tunachokitaka.

Rasimu ya kwanza ilivyokufa

Katika rasimu ya kwanza Haji alikuwa mlevi. Ameachana na mkewe, analala ndani ya gari, ana bunduki, na anaandamwa na ndoto za mwenzake aliyeuawa na majangili. Sehemu ya kwanza ilifunguka kwa mlio wa risasi usiku wa manane, kisha chui akanguruma. (Chui lilikuwa wazo langu. Nakiri.)

Kabla ya kurekodi tulikubaliana kuisoma mbele ya watu mara mbili: barazani kwenye kahawa baada ya Alasiri, na kwa kina mama wa mwani waliokuwa wamekaa chini ya mvinje wakifunga mbegu kwenye kamba. Uamuzi huu haukutugharimu kitu zaidi ya nauli ya daladala na sahani mbili za kashata, na sijui ungekuwa mchezo gani bila yake.

Barazani risasi ilipolia, watu walicheka. Mmoja akasema, "Yakhe, bunduki ya nani hiyo? Ukipiga bunduki kijiji hiki, sheha keshafika kabla hujaokota ganda." (Sheha ndiye kiongozi wa serikali pale kijijini.) Chui ndiye aliyeharibu kabisa. Ukimtaja chui Unguja umefungua kesi: yuko wa porini na yuko wa kufugwa, na wa kufugwa ana mwenyewe, na mwenyewe huyo hatajwi. Mzee mmoja akakumbusha kampeni ya baada ya Mapinduzi ya 1964, pale kuwaua chui na kuwasaka waliodaiwa kuwafuga ilipokuwa kazi moja. Nusu saa nzima ikapita hakuna aliyemkumbuka Haji. Nikaandika pembeni ya karatasi: chui akiingia, askari anatoka. Tukamfuta chui siku ile ile.

Kina mama hawakucheka. Mikono yao iliendelea kufunga mbegu, na nilidhani hawasikilizi. Mwandishi alipomaliza, mmoja akauliza bila kuinua macho, "Huyu Haji hana watu?"

Tukadhani hajaelewa. Akafafanua: hana mama, hana dada, hana mkwe? Mtu akilewa kijijini, ulevi wake una watu wanaoubeba. Yuko anayemfungulia mlango, yuko anayemfichia baba mtu, yuko anayelipa deni dukani. Huyu wenu analala garini, basi ni mgeni, na mgeni akiharibikiwa hatuhuzuniki sana.

Swali hilo lilibeba kisa chote kilichofuata.

Siku ya Mzee

Tukamtafuta mtu aliyestaafu kazi ya misitu. Tulimkuta nyumbani kwake, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, akasoma karatasi zetu zote bila kusema neno. Kisha akaanza na cheo.

Haji tulikuwa tumemwandika "afisa wanyamapori" wa TAWA, mamlaka ya wanyamapori ya Bara. Mzee akasema, mwanangu, huyo umemvusha bahari. Misitu na wanyama wa porini si mambo ya Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya uhifadhi wa misitu, Sheria namba 10 ya 1996, na askari wa Jozani yuko chini ya Idara ya Misitu. Si TAWA, si TANAPA ya hifadhi za taifa za Bara. Mwandishi alidhani hilo ni jambo la kubadili neno moja tu, kumbe lilibadili hadithi. Sheria hiyo imewapa wanakijiji nafasi ya kuingia makubaliano ya kusimamia misitu yao, na kwenye shehia zinazopakana na msitu kuna kamati za uhifadhi. Sehemu ya pato la watalii inarudi kwa jamii. Kwa hiyo askari hafanyi kazi peke yake usiku na bunduki. Anafanya kazi na majirani zake, wengine wanakaa naye kwenye kamati, wengine wanadai hisa yao ya watalii, na mmoja au wawili ndio anaowatafuta.

Halafu akatuonesha mtego. Tulikuwa tumeandika kwamba Haji "aliona kamba chini". Mzee akavuta kipande cha kamba ya makumbi kutoka kwenye kuni, akachomeka kijiti chembamba ardhini, akakipinda mpaka ncha ikakaribia chini, akafunga tanzi na kulishikiza kwa kipingo kidogo cha mti. Akatandaza majani makavu juu, tanzi likapotea mbele ya macho yetu. "Huioni kamba," akasema. "Usiitafute. Tafuta kijiti kilichorukuu." Kisha akaligusa kwa kidole cha mguu, na kijiti kikasimama wima ghafla kikiwa na kandambili ya mwandishi juu yake.

Na mtegaji anajuaje paa atapita wapi? Anawafuata kima. Kima wakila juu hupukutisha majani na matunda, na paa huja chini kuokota. Kwa hiyo ukitaka paa wa chini, tazama juu.

Tulikuwa tunakaribia kuaga aliposema jambo kubwa, na alilisema kama mtu anayetaja bei ya samaki. Kima punju hula makaa. Hili linajulikana, watafiti wameliandika: majani wanayokula yana sumu, na makaa huwasaidia tumboni. Wa karibu na vijiji huokota makaa majikoni na kwenye visiki vilivyoungua. "Mimi siku moja," akasema, "nimemkuta kima anatafuna kipande cha makaa, na pale jiko hakuna, kijiji hakuna, shamba lililochomwa hakuna. Nikajua tanuri liko karibu. Nikanusa, nikajua na upande. Nikajua na la nani."

Mwandishi akauliza, "Ukafanyaje, babu?"

"Nikarudi nyumbani kula."

Hakuna aliyesema kitu. Mzee akaokota kandambili, akamrudishia mwenyewe.

Dosari iwe ipi: maamuzi na sababu zake

Njiani kurudi mjini tulikuwa tumeshamfukuza mlevi. Haji mpya ana mke, ana mama mkwe, anasali msikiti mmoja na watu wote, na ni hodari wa kazi. Tatizo lake ni shemegi, kaka wa mkewe, aliyewahi kumlipia sehemu ya mahari alipokuwa hana kitu. Shemegi huyo ndiye mwenye tanuri. Sehemu ya kwanza mpya ikafunguka kwa kima anayetafuna makaa, na Haji kurudi nyumbani kula.

Tulichagua dosari hii kwa sababu kijiji kitaisamehe na sheria haitaisamehe. Ulevi ni kinyume chake: kijiji kinaushutumu kwa maneno, na kesi haina. Dosari ambayo pande zote zinaiona mbaya haina mvutano. Msikilizaji anakubali tu, anakwenda kulala.

Mfadhili alitishika. Alituandikia kwamba askari mchafu atawafundisha watu ubaya na kuiudhi ofisi inayohusika. Tulijibu kwamba askari msafi hasikilizwi na mtu. Baada ya kuandikiana kwa wiki mbili tukakubaliana: Haji abaki na dosari yake, lakini sehemu ya 13 aadhibiwe waziwazi. Tuliweka saini haraka kwa sababu waigizaji walikuwa wanasubiri malipo ya awali. Hapo ndipo tulipotegeshewa tanzi, nasi hatukutazama kijiti.

Uamuzi wa tatu ulihusu vidokezo vya upelelezi. Nilimwomba mwandishi kila kidokezo kitoke kwenye msitu wenyewe, na kiweze kusikika kwa sikio. Kima na makaa tulikuwa nao. Fundi sauti alijaribu makaa ya kweli mbele ya kipaza sauti, yakasikika kama mchanga. Akajaribu mkate wa mofa wa juzi, ukawa ndio wenyewe. Cha pili kilikuwa ngozi. Paa nunga ana ukanda mweupe unaovuka makalioni, na paa wengine wa Unguja hawana. Haji anapookota kipande cha ngozi karibu na tanuri na kupitisha kidole kwenye ukanda ule, anajua shemegi hachomi makaa tu. Makaa watu husema ni njaa. Nunga ana mnunuzi mjini.

Cha tatu ni matuta. Kwenye barabara inayopita Jozani yamewekwa matuta kwa sababu gari zilikuwa zikiwagonga kima. Gari iliyobeba mzigo wa makaa usiku nayo lazima ipunguze mwendo pale pale. Sehemu ya tatu Haji amelala kwenye majani kando ya tuta, anasikiliza gari moja baada ya moja. Tupu inaruka. Yenye familia inapita taratibu. Ile anayoisubiri inakwaruza tumbo. Hakuna mtu anayesema neno kwa dakika nzima, na ndiyo dakika ninayoipenda kuliko zote tulizorekodi.

Halbadiri

Gari ilikamatwa, lakini Haji hakujitokeza. Alipiga simu ofisini, akatoa namba ya gari, akarudi kulala. Kijijini ikawa kuna mtu ametoa siri na hajulikani nani. Wenye makaa wakaamua kumsomea halbadiri.

Kwa msomaji wa mbali: halbadiri ni kisomo cha kuwataja Waislamu waliopigana vita vya Badri, na watu wengi wa pwani huamini kikisomwa juu ya mwizi au msaliti, kitamfika. Kuna masheikh wanaokikataa. Lakini hata anayekikataa hapendi kisomwe jina lake likiwa ndani. Kisomo kikapangwa nyumbani kwa shemegi, na Haji ni mtu wa nyumba hiyo. Hawezi kukosa. Mkewe amepika. Basi anakaa kwenye mkeka, bega kwa bega na shemegi, na kila kisomo kikifika mahali pake anaitikia amina juu ya nafsi yake.

Mwandishi alipotusomea rasimu hii sote tulinyamaza. Kisha mwigizaji wa Haji akasema hafanyi. Hakukataa kuigiza msaliti. Alikataa halbadiri isomwe kwa mchezo. Mwigizaji wa pili akamuunga mkono. Nilikuwa na haraka, na nusura niseme maneno ambayo yangetuvunja siku ile: kwamba ni kazi tu. Namshukuru fundi sauti aliyetaka tupumzike kwa chai.

Tulikwenda kwa ustadhi wa mtaani. Alituuliza swali moja: je, hadithi inahitaji kisomo, au inahitaji watu kujua kuwa kinasomwa? Tukarudi na jibu. Kipaza sauti tukakitoa sebuleni tukakipeleka uani. Msikilizaji anasikia wanawake wanavyopanga sahani, mwiko unagonga ukingo wa sufuria, mtoto anaulizwa kama ameosha mikono. Kutoka ndani inakuja sauti ya wanaume, mbali, haieleweki. Kisha amina. Mke wa Haji anasita kuchota wali. Amina tena. Mwanamke wa pili anamwambia, "Mumeo leo anaitikia kwa nguvu." Basi.

Tulifika hapo kwa sababu ya kumheshimu mwigizaji, na tukapata sehemu bora ya mchezo. Siwezi kudai tulipanga.

Mgeni wa baada ya sehemu ya nne

Sehemu hiyo ya halbadiri ilikuwa ya nne, na simu za wasikilizaji usiku iliporushwa zilikuwa nyingi kuliko usiku mwengine wowote. Siku ya tatu akaja mgeni. Alipiga hodi, akatoa salamu ndefu, akakaribishwa, akanywa chai yake yote. Ni mtu wa misitu, yuko kazini. Aliniita Mwalimu. Akauliza kwa upole, "Huyu Haji ni nani?"

Nikamwambia ni mtu wa kubuni. Akatikisa kichwa, akauliza tena kwa maneno mengine: nani alitupa habari. Nikajibu hatukupewa habari za mtu yeyote. Hilo halikuwa kweli kabisa, kwani tulikuwa na Mzee, lakini Mzee si mtu wake wala kijiji chake. Akaniaga, akasema tu kwamba mkewe ameacha kusikiliza redio.

Tuliogopa. Usiku ule ule tulikutana na kuamua Haji ahamishwe. Sababu ilionekana nzuri: mtumishi mwenye mashaka huhamishwa, hilo kila mtu analijua, na kijiji kikibadilika hakuna atakayejiona. Tukampeleka Pemba, msitu wa Ngezi.

Karibu kila kitu kikavunjika. Paa nunga Pemba hayupo, kwa hiyo ngozi ikakosa maana. Matuta ya kima yakabaki Unguja. Mke na shemegi wakabaki Unguja pia, yaani tulimtoa Haji kwa watu wake, na tukarudi kule kule kwa mlevi wa garini, safari hii bila pombe. Mwandishi alijitahidi kuwatumia popo wa Pemba, ambao hawapatikani kwengine na mabawa yao yakikunjuliwa hufika mita 1.6. Walikuwa wakiwindwa mpaka wakabaki wachache sana mwishoni mwa miaka ya 1980, na wanavijiji wenyewe, kama wale wa Kidike, wakaja kuwa walinzi wao. Hadithi nzuri, lakini haikuwa yetu. Ilihitaji mchezo wake na mwandishi wake.

Na lugha. Waigizaji wetu wote ni Waunguja, wakajaribu Kipemba. Msikilizaji mmoja wa Pemba alipiga simu, na sina la kuongeza juu ya maneno yake: "Kwenu mtu akishaharibika ndio mnatuletea sisi?"

Sehemu ya tano na ya sita ndizo zilizokuwa hivyo. Ya saba tukamrudisha Haji Unguja kwa barua ya wito wa ushahidi. Mshono ulionekana.

Matokeo

Mchezo uliishia sehemu ya 10. Fedha za tatu za mwisho zilizuiwa kwa sababu mfadhili alipoona muhtasari wa mwisho alisema adhabu ya Haji haionekani. Kwetu ilikuwa imeonekana: Haji anakwenda kumwambia mkewe kabla ya kwenda mahakamani, na mke anamuuliza jambo moja tu, "Ulipokuwa unaitikia amina, ulikuwa unaitikia nini?" Hajibu. Asubuhi mke hayupo, amekwenda kwao. Haji anatoa ushahidi, shemegi anafungwa, na anaporudi nyumbani anajipikia mwenyewe. Mfadhili alitaka afukuzwe kazi na amri isomwe redioni.

Kituo cha redio kiliridhika na kilitaka msimu wa pili. Waigizaji walilipwa sehemu walizorekodi, baada ya kufuatilia sana.

Uchambuzi

Kilichotusaidia zaidi ni kusoma rasimu mbele ya watu kabla ya kurekodi. Na nasema watu wasiokuwa wa kazi yetu. Mimi kama mhariri ningerekebisha ulevi wa Haji, ningeuzidisha hapa na kuupunguza pale. Nisingeuliza kama ana watu. Tangu hapo swali lile naliuliza kwa kila mhusika mwenye dosari: nani anaibeba? Kama jibu ni hakuna, dosari hiyo imeazimwa.

Vidokezo vya msituni vilifanya kazi kwa sababu ya pili ambayo sikuitarajia. Msikilizaji wa kusini Unguja anajua kima na makaa. Anajua matuta. Kwa hiyo alikuwa anampita Haji kwa hatua moja, anapiga kelele redioni kwamba tanuri liko pale. Tulidhani hilo litaua mashaka. Kumbe likampa mashaka mengine: anajua kwamba Haji naye anajua.

Mkataba na mfadhili ulikuwa kosa langu. Niliahidi mwisho wa hadithi wakati hadithi haijajulikana. "Kuadhibiwa waziwazi" ni maneno mapana, kila upande uliyajaza picha yake, na hatukuandika hata mstari mmoja wa kueleza. Leo ningepeleka sehemu mbili zilizokamilika kwanza, na kama malipo ya awali yanachelewa, ningewaambia waigizaji ukweli.

Mzee hakulipwa. Tulimpelekea sukari na kilo mbili za mchele, kama mtu anavyokwenda kumtazama mzazi. Lakini sehemu ya kwanza nzima ilikuwa yake, na kwenye karatasi ya bajeti tulikuwa na fungu la mshauri ambalo halikuguswa. Aliporidhia nitumie maneno yake katika maandishi haya, nilimuuliza anataka jina lake. Akasema hapana, ila kandambili ile mwandishi ainunue nyengine, ilikuwa imekatika.

Mke wa Haji tulimnyima sauti mpaka sehemu ya nne, na baadaye mpaka ya 10. Ukisikiliza yote kwa mfululizo unaona kwamba yeye ndiye aliyekuwa mpelelezi. Alijua kabla ya halbadiri. Yule mama wa mwani alitupa swali, sisi tukalijibu kwa shemegi kwa sababu shemegi ni mwanamume na wanaume ndio waliojaa chumba cha waandishi ukimtoa mmoja. Na huyo mmoja alisema mapema. Imo kwenye maandishi ya kikao cha pili, kwa mwandiko wangu, nimeipigia mstari na sikuifuata.

Kuhusu kuhamia Pemba, kwa muda mrefu nimejitetea kwamba tulimlinda mtu. Mwaka uliofuata yule mgeni alikuja tena. Hakuwa kazini tena wakati huo, na ameniruhusu niandike. Alikunywa chai yake, akauliza habari za msimu wa pili, nikamweleza kwa nini Haji alikwenda Pemba. Akashangaa. Hakuja kutuzuia, akasema, alikuja kujua nani alitwambia, kwa kuwa nyumbani kwake walikuwa wanatuhumiana.

"Na mlikosea vilevile," akasema. "Wa kwangu hakuchoma makaa. Alikuwa anakata mikoko."